Jiwe Lina Jina, Aliyeliokota Hana: Stori ya Fuwele Adimu Kuanzia Ivuna Mpaka Mererani

Mtu wangu, tuanzie mbali kidogo halafu turudi nyumbani.

Desemba 2020, chombo cha anga cha Japani kinachoitwa Hayabusa2 kilidondosha kikasha kwenye jangwa la Australia. Ndani ya kikasha kulikuwa na gramu 5.4 tu za vumbi na vijiwe vyeusi kutoka kwenye jiwe la angani linaloitwa Ryugu. Gramu 5.4! Kijiko cha chai cha sukari kinakaribia hapo. Miaka sita chombo kiko njiani kwenda na kurudi, mabilioni yametumika, kwa ajili ya kijiko kimoja.

Wanasayansi walipoanza kuchunguza ule mzigo, swali la kwanza lilikuwa: hivi vitu vinafanana na nini tulicho nacho hapa duniani? Na jibu walilolitoa kwenye ripoti zao lina neno moja ambalo mtu wa Rukwa akilisikia lazima ageuze shingo.

Ivuna.

Ndiyo, Ivuna ile ile. Ivuna ya chumvi, kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa, siku hizi iko wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Mimi niko Mtowisa, upande wa pili wa bonde hili hili, chini ya milima ya Ufipa. Mtu wa hapa akisikia Ivuna anawaza chumvi na samaki, hawazi anga za juu. Kumbe kuna kundi zima la mawe ya angani duniani ambalo limepewa jina la kijiji cha jirani zetu, na vijana tunaskroli tu hatuna habari.

Leo naomba tukae kidogo na hii stori. Ni stori ya mawe adimu na watu wanaoyakusanya, ila zaidi ni stori ya watu ambao majina yao hayapo popote.

FUWELE NI NINI HASA?

Kabla hatujaenda mbele tuelewane. Chukua chembe ya chumvi ya mawe, iangalie karibu kabisa, hata kwa kamera ya simu. Utaona ina pande na kona kama kijiboksi. Hakuna mtu aliyeichonga. Chembe ndogo ndogo zinazounda chumvi zimejipanga zenyewe kwa mstari, safu juu ya safu, kama matofali ya fundi mzuri. Hiyo ndiyo fuwele. Almasi ni fuwele, tanzanaiti ni fuwele, sukari ni fuwele.

Madini mengi chini ya ardhi yanabanana, hayapati nafasi ya kukua vizuri. Ila mara moja moja kunatokea uwazi kwenye mwamba, maji ya moto yenye madini yanapita humo, yanapoa polepole, na fuwele inapata nafasi ya kukua mpaka inatoka na umbo lake kamili, ncha kali, pande zinang'aa. Hiyo ni bahati. Na ikishatokea, kuitoa mwambani bila kuivunja ni bahati nyingine.

Sasa duniani kuna watu, matajiri na wa kawaida, kazi yao ni kukusanya hizo. Hawataki pete wala mkufu. Wanataka jiwe kama lilivyozaliwa, likiwa limekaa juu ya mwamba wake. Wana maonesho yao makubwa kabisa: Tucson kule Arizona, Marekani, kila mwaka tangu 1955. Munich kule Ujerumani. Sainte-Marie-aux-Mines kule Ufaransa. Pale jiwe halipimwi kwa gramu tu. Kuna mtu atalipa zaidi kwa fuwele nzima yenye ncha zake kuliko kwa kito kilichokatwa kikasafishwa.

Na kuna kitu kingine ambacho bila hicho jiwe linapoteza nusu ya maana: lebo. Kile kikaratasi kinachosema jiwe ni la aina gani, limetoka wapi, limepatikana lini, limepitia mikono ya nani. Jiwe bila lebo ni kama picha ya harusi ambayo hakuna anayejua maharusi ni kina nani. Nzuri, lakini ya nani?

Shika hilo neno, lebo. Tutarudi kwake.

WAZEE WETU HAWAKUWA WASHAMBA

Kuna tabia ya kusimulia historia ya madini kana kwamba kila kitu kilianza siku mzungu aliposhuka kwenye gari na nyundo. Hapana bana.

Pale Ivuna, miaka ya 1960, wanaakiolojia walichimba wakakuta mabaki ya kazi ya chumvi ya karne nyingi nyuma. Vyungu vilivyovunjika kwa wingi. Watu walikuwa wanachota maji ya chumvi yanayobubujika ardhini, wanachuja, wanachemsha mpaka maji yanaisha, inabaki nyeupe chini ya chungu. Unaona wanachofanya? Wanatengeneza fuwele. Wanajua moto uwe kiasi gani na wanajua lini chungu kitolewe. Na chumvi ile ilitembea, maana mtu wa mlimani naye anataka chumvi kwenye mboga.

Panda sasa juu Ufipa. Mpaka leo ukizunguka vijiji vya uwanda wa juu kuna malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, mengine yanafika karibu mita tatu. Ufundi wake ulikuwa noma. Tanuru kubwa lilikuwa halipulizwi kwa mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, kama bomba la moshi. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, hilo sasa la kupulizwa kwa mivukuto, kisafishwe ndipo mhunzi apate cha kufulia jembe. Hatua mbili. Na kabla ya hatua zote mbili lazima kuwe na mtu anayejua udongo gani una chuma na upi hauna, kwa macho na kwa uzito wa mkononi. Huyo mtu leo tungemwita mtaalamu wa jiolojia, tungempa na kitambulisho cha kuvaa shingoni.

Majembe ya bei rahisi ya kiwandani yalipoingia wakati wa ukoloni, malungu yakazima. Matanuru yamebaki, mengine yamepigwa picha na watafiti, yameandikwa vitabuni. Ila jaribu kutaja jina la fundi mmoja tu aliyejenga lungu. Moja tu.

Kimya, si ndiyo?

1930: CHUMA KUTOKA JUU

Tuende Mbozi. Kwenye mteremko wa Kilima cha Marengi kuna kimondo cha chuma, urefu karibu mita tatu, uzito unaokadiriwa tani 16. Ni moja ya vimondo vikubwa duniani. Wengi wenu mmekwenda pale na safari ya shule, mkapiga picha, mkanunua soda mkasepa.

Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji ardhi anayeitwa William Nott. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Wakachimba udongo kukizunguka mpaka kikabaki kimekaa juu ya nguzo ya udongo, baadaye wakajengea saruji chini yake.

Sawa. Nott ameandika, heshima yake tunampa. Ila mtu wangu, jiwe la tani 16 lenye kichwa kilichochomoza juu ya ardhi, kwenye nchi yenye watu wanaolima na kuchunga, halisubiri mtu aje na darubini ya kupimia ndipo lionekane. Kuna watu walilikalia wakipumzika. Kuna watoto walilipanda. Hao hawakugundua, wao waliishi nalo tu. Kugundua, kumbe, maana yake ni kuandika.

Na kwa nini wakusanyaji wanavipenda vimondo vya chuma? Kwa sababu ya fuwele. Ukikata kimondo cha aina hiyo, ukakisugua na kukipaka tindikali, inatokea michoro ya mistari inayokatizana kama ukili uliosukwa vizuri. Ni fuwele za chuma na nikeli zilizokua wakati chuma kinapoa taratibu mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya jiwe la angani. Hakuna kiwanda kinachoweza kuiga hiyo. Mhunzi wa Kifipa hawezi, mhunzi wa Ulaya hawezi.

1938: IJUMAA YA IVUNA

Miaka minane baadaye, Ijumaa tarehe 16 Desemba 1938, jioni, kikaanguka kingine. Hiki hakikuwa chuma. Kilikuwa cheusi, laini, cha kuchubuka kirahisi, kama bonge la udongo mkavu uliochanganywa na masizi. Kilichookotwa kikahifadhiwa ni gramu 705 hivi. Hata robo tatu ya kilo haifiki.

Jaribu kuona picha. Desemba, mvua zimeanza, watu wako mashambani. Angani kunapita moto. Halafu mtu mmoja, au watu kadhaa, wanakwenda pale kilipoangukia, wanainama, wanaokota.

Simama hapo kwenye kuinama. Kwa sababu jiwe la aina hii likikaa nje mvua moja tu, basi. Linalainika, linavunjika, linakuwa tope. Vimondo vya kundi hili vilivyoonekana vikianguka halafu vikaokotwa ni vitano tu duniani: Alais, Ufaransa, mwaka 1806. Orgueil, Ufaransa tena, 1864. Tonk, India, 1911. Ivuna, 1938. Revelstoke, Kanada, 1965. Huo wa Kanada wote ni kama gramu moja, na wa India haufiki gramu kumi. Kwa hiyo gramu 705 za kwetu ni utajiri wa kutisha.

Kundi lenyewe linaitwa CI. C ni ya kaboni. Na ile I ni Ivuna. Kila mwanafunzi duniani anayesoma mawe ya angani, awe Tokyo, awe Houston, lazima aitamke.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kwa sababu ukitoa gesi nyepesi kama haidrojeni, mchanganyiko wa vitu ndani ya mawe haya unafanana na wa jua lenyewe. Ni masalia ya ule mchanganyiko wa mwanzo kabisa, kabla hakujawa na dunia. Ndani yake kuna fuwele ndogo mno za magnetaiti, nyingine zimekusanyika kama vichala vidogo vya zabibu, na fuwele za dolomaiti, ambazo zilikua ndani ya maji. Maji, angani, zaidi ya miaka bilioni nne iliyopita. Ndiyo maana Wajapani walipofungua kile kikasha mwaka 2020, walikuwa wanatafuta ndugu wa Ivuna. Na wakampata.

Sehemu ya Ivuna, kipande cha gramu 202, ilinunuliwa mwaka 2008 na Makumbusho ya Historia Asilia ya London kutoka kwenye mkusanyo binafsi wa Marekani. Kimehifadhiwa ndani ya hewa ya naitrojeni, kisiguswe na unyevu. Si mbwembwe. Kwenye vimondo vya aina hii, hasa Orgueil, watu waliona mishipa myeupe ya chumvi wakadhani imetoka nayo angani. Baadaye watafiti wakaonesha kwamba inaelekea ilikua hapa hapa duniani, kwa unyevu wa kawaida wa hewa, jiwe likiwa kabatini. Fuwele zilikuwa zinazaliwa ndani ya kabati na watu wanaziandikia makala!

Sasa niambie. Lebo ya Ivuna ina tarehe, ina kijiji, ina uzito, ina kundi. Aliyeinama akaokota kabla mvua haijaja yuko wapi kwenye hiyo lebo? Bila yeye herufi ya pili ingekuwa nyingine kabisa.

MWADUI NA MERERANI: STORI ILE ILE

Msidhani ni Rukwa tu. Mwaka 1947 kule Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa John Williamson, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5. Ikatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Elizabeth, ambaye baadaye akawa Malkia wa Uingereza. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya ua la kupachika kifuani. Tumeiona kwenye picha zake miaka na miaka. Jina la Williamson likapewa almasi na mgodi wote. Mkono ulioishika kwanza haujulikani na wanaoisifu.

Halafu Mererani, 1967. Hii kila mtu anaisikia kwake kivyake. Kuna wanaosema ni wafugaji walioona mawe ya bluu. Kuna Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, aliyesajili maeneo yake mwaka huo huo, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1969. Na kuna mzee wetu Jumanne Ngoma, aliyesimama miaka mingi akisema ni yeye. Tiffany wa New York wakalitangaza jiwe mwaka 1968 kwa jina la nchi yetu, maana jina lake la kitaalamu, zoisaiti, inasemekana kwa Kiingereza lilisikika vibaya, kama habari ya mtu kujiua.

Mzee Ngoma alikuja kutambuliwa hadharani Aprili 2018, siku Rais Magufuli alipozindua ule ukuta wa kilomita 24 kuzunguka Mererani, na akaahidiwa shilingi milioni 100. Ilikuwa miaka 51 baadaye. Mwaka 2019 akafariki. Angalau yeye alifika mwisho akiwa na jina.

Wengine hawakufika. Aprili 1998 mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya Mererani vijana wakiwa chini. Machi 2008 ikatokea tena. Wanaapolo walikufa kwa makumi. Na kulikuwa na wale watoto walioitwa nyoka, kwa sababu walikuwa wembamba wa kupenya kwenye mianya ambayo mtu mzima hapiti. Ukiona fuwele ya tanzanaiti kwenye kabati la vioo kule Ulaya, ncha zake zote nzima, jua kuna mtu aliitoa kwa vidole, gizani, na tochi kichwani.

Tofauti tuliiona Juni 2020. Saniniu Laizer akauza mawe mawili kwa serikali, moja la kilo 9 na ushee, jingine la kilo 5 na ushee, akalipwa shilingi bilioni 7.74. Picha yake ikazunguka dunia nzima. Watu waliongelea mkwanja, mimi nikaona kitu kingine: mara hii jiwe na mtu vimetoka pamoja kwenye habari. Inawezekana, kumbe.

MADINI YALIYOKUWA YAKISUGULIWA

Hapa ndipo panaponiuma. Mawe ya Mererani hutoka na wenzake: kinywe, kalsaiti na mengine mengi. Kwa macho ya broka, hao wenzake ni uchafu. Jiwe linasuguliwa, linagongwa, linabaki la bluu tupu. Au la kahawia, likachomwe kwenye joto liwe bluu.

Sasa, juu ya baadhi ya mawe hayo kulikuwa na nyuzi nyeusi za kijivu, nyembamba kama nywele. Ukisugua zinakatika, ukipuliza zinapeperuka. Mwaka 2016 kundi la watafiti akiwemo John Jaszczak wa Michigan, Marekani, likatangaza kwamba zile nyuzi ni madini mapya, hayajawahi kuandikwa popote duniani. Yana molibdenamu, risasi, vanadi, antimoni na salfa, na kila uzi ni tabaka jembamba lililojiviringisha kama mkeka. Wakayaita merelaniaiti, kwa jina la mji. Jumuiya ya kimataifa ya wanamadini ikayapa heshima ya kuwa madini ya mwaka huo.

Je, ni nyuzi ngapi zilisuguliwa kati ya 1967 na 2016? Karibu miaka 50 ya brashi.

Na kuna mengine hayataki hata brashi. Ol Doinyo Lengai, kule juu ya Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi. Ikitoka ni nyeusi, lakini baada ya siku chache za unyevu inageuka nyeupe. Ndani yake kuna fuwele ambayo miaka ya 1960 ilipewa jina la nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu. Ukitaka kuihifadhi lazima uifungie isipate hewa yenye unyevu, la sivyo inabadilika kuwa kitu kingine mikononi mwako. Fikiria hilo: jina la Baba wa Taifa limebebwa na fuwele ambayo bila mtu wa kuitunza vizuri haidumu wiki.

NYUNDO YA MTOWISA

Sasa turudi nyumbani, maana ndiyo sababu nimekaa kuandika haya yote.

Kuna mzee hapa kwetu, simtaji. Ana shamba kuelekea mlimani, Lyamba lya Mfipa pale panapoanza kupanda. Miaka michache iliyopita alirudi na jiwe ukubwa wa kichwa cha mtoto. Juu yake zilichomoza fuwele kama vidole, za pande sita sita, nyeupe za kupenya mwanga. Ilikuwa kwazi. Si madini ya bilioni, tusidanganyane. Ila lilikuwa zuri mpaka watu walikuwa wanaingia kwake kuliangalia tu. Mimi nilienda mara mbili.

Akaja broka. Akaliangalia, akasema, "Shikamoo mzee, mimi nachukua zile safi tu. Hili tako sina kazi nalo."

Nyundo ikaletwa. Dakika tano. Vidole vikakatika, vingine vikapasuka katikati, broka akachagua vinne akaweka kwenye kimfuko cha nailoni. Akatoa shilingi elfu ishirini. Tako likabaki uani, mpaka leo bata wanalikalia.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na simu mkononi. Sikupiga hata picha moja. Nilikuwa na bando, nilikuwa na chaji, sikupiga. Baadaye ndiyo nikaanza kusoma haya mambo, nikaja kumuelezea mzee kwamba huko nje jiwe zima na mwamba wake lina thamani kuliko vipande. Alicheka kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, ungeniambia siku ile."

Basi. Hilo neno limenikaa.

KWA HIYO TUFANYE NINI?

Sisemi kila mtu aache jembe akaokote mawe. Kwanza kununua na kuuza madini bila leseni ni kosa, msije mkasema nimewatuma. Ukipata kitu usichokielewa, ofisi za madini zipo mikoani, na Dodoma kuna GST, taasisi ya serikali ya jiolojia. Ila kabla ya yote hayo kuna mambo manne ya bure kabisa:

Usivunje. Jiwe lililokaa juu ya mwamba wake liache hapo.

Usioshe wala usisugue. Unachoona ni uchafu inawezekana ndiyo chenyewe.

Piga picha pale pale ulipolikuta, kabla hujalinyanyua. Simu yako inaandika tarehe na mahali yenyewe.

Na la nne, andika jina la aliyeliokota. Kwenye karatasi, kwenye simu, popote. Jina lake kamili na kijiji chake. Akiwa ni mtoto andika mtoto, akiwa ni mama aliyekwenda kuni andika mama huyo.

Hilo la nne ndilo wenye makabati ya vioo walilisahau, na sisi wenyewe tukalisahau. Jiwe haliwezi kusema nani aliinama. Anayejua ni yule aliyekuwepo, na waliosimuliwa naye.

Ndiyo maana nina ombi. Mtu aliyekuwa na miaka kumi Ijumaa ile ya 1938 leo anakaribia miaka mia. Wamebaki wachache mno. Ila watoto wao wapo, wajukuu wapo, Ivuna, Kamsamba, na huku kwetu kandokando ya ziwa. Kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu aliyewahi kusimulia habari ya moto uliopita angani jioni moja ya Desemba, na mtu wa ukoo wenu aliyekwenda kuangalia, muulize vizuri. Muulize leo, umrekodi.

Halafu njoo hapa chini kwenye maoni, uandike jina moja tu.